Seva za simu zisipojuana: kusaka tatizo la majina na DNS kwenye klasta ya VoIP

Leo naweka kitu cha akiba kwa wale mnaoshughulika na seva za simu, au mnaojifunza na mnataka kuajiriwa huko. Kama uko kafe na dakika zinakimbia, hifadhi ukurasa huu kwenye flashi ukausome taratibu nyumbani, maana ni mrefu na una amri za kunakili.

Tuwekane sawa kwanza. VoIP ni simu inayosafiri kama data kwenye mtandao. Ukipiga simu ya WhatsApp unatumia VoIP. Skype, iliyozimwa Mei 2025, nayo ilikuwa VoIP. Kwenye makampuni na vituo vya simu kazi hiyo hufanywa sana na programu huria kama Asterisk, FreeSWITCH na Kamailio, na lugha ya kuanzisha na kukata simu inaitwa SIP. Sasa, seva moja ikibeba simu zote, siku ikifa kila mtu yuko kimya. Kwa hiyo tunaweka seva kadhaa zifanye kazi kama kitu kimoja. Kundi hilo tunaliita klasta, na kila programu inayoshiriki kwenye kundi ni nodi.

Nodi ikiwashwa, kazi yake ya kwanza ni kutafuta nodi nyingine. Inazitafuta kwa majina, jina linageuzwa kuwa anwani ya IP, halafu ndo inagonga mlango. Hapo katikati, kwenye kugeuza jina kuwa anwani, ndipo nimepoteza usiku mwingi kuliko mahali pengine popote katika kazi hii. Nodi zikigoma kuonana, mimi siku hizi nashuku majina kabla sijagusa waya. Nilijifunza kwa aibu.

KISA CHENYEWE

Nilikuwa naangalia seva za kituo kimoja cha simu hapa Dar. Jina lake nitaliacha. Zamu ya usiku ilikuwa na vijana 14 wanaopokea simu za wateja, na walilipwa kwa idadi ya simu walizohudumia. Simu zisipoingia, wamekaa bure. Klasta ilikuwa na mashine tatu. Seva1 na seva2 ziliendesha programu ya kugawa simu, tuliyojiandikia wenyewe kwa lugha ya Erlang. Seva3 ilikuwa na FreeSWITCH inayobeba sauti, pamoja na nodi ndogo ya Erlang inayosubiri maagizo kutoka kwa hizo mbili.

Alhamisi moja, saa moja na nusu jioni, dogo mmoja aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo alikuwa anapanga nyaya kwenye swichi. Akachomoa waya wa seva3, akausafisha vumbi, akaufunga lebo, akaurudisha. Dakika mbili hivi. Kuanzia hapo ikawa mteja anapiga, anasikia mlio, halafu inakatika. Hakuna hata simu moja iliyomfikia kijana kwenye kiti.

Bosi akashuka mwenyewe. Akamwangalia dogo, akaniambia mimi, "Huyo kesho asije." Dogo anatetemeka: "Braza, mimi nilichomoa waya mmoja tu, na nimeurudisha palepale."

Ushahidi wote ulimwangukia yeye. Kabla ya waya simu zipo, baada ya waya hazipo. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha tundu la swichi. Nikafanya ping kutoka seva1 kwenda seva3, ikajibu vizuri kabisa, chini ya milisekunde moja. Nikauliza DNS kwa dig, ikanipa anwani sahihi. Nikazima na kuwasha programu ya seva1. Wapi! Zaidi ya masaa mawili yakapotea hivyo, na vijana wengine walikuwa wameshalala kwenye viti.

PONG NA PANG

Ili muelewe nilichemsha wapi, inabidi niwaeleze Erlang inavyotafuta wenzake. Lugha hii ilianzia Ericsson, Sweden, mwaka 1986, kwa ajili ya mitambo ya simu hasa, ikafanywa huria mwaka 1998. Jina linamkumbuka Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyepiga hesabu za msongamano wa simu akiwa kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, na pia linasomeka kama kifupi cha lugha ya Ericsson. Unaikuta kwenye seva za WhatsApp, na unaikuta kwenye RabbitMQ, ile programu ya kupitishia ujumbe kati ya seva na seva. Kwa hiyo hata kama hujawahi kuandika Erlang, ukifanya kazi za simu utakutana nayo tu.

Jina la nodi lina sehemu mbili, mfano mgawaji@seva1.simu.example (mwisho wa .example umetengwa rasmi kwa mifano, usiutafute mtandaoni). Kabla ya @ ni jina la programu, baada yake ni jina la mashine. Nodi moja ikitaka kuongea na nyingine, inachukua jina la mashine na kuligeuza kuwa IP. Inakwenda kwenye IP hiyo, poti 4369, ambako kuna kiprogramu kinaitwa epmd. Huyo ni kama mlinzi wa geti mwenye daftari. Nodi inamuuliza, fulani yuko chumba gani? Epmd anajibu namba ya poti nyingine. Nodi inakwenda kwenye poti hiyo, na huko zinahakikishana kwa neno la siri linaloitwa kuki.

Kipimo chake ni amri hii, ndani ya Erlang:

net_adm:ping('sauti@seva3.simu.example').

Jibu ni pong au pang. Pong maana yake zimeonana. Pang, ambalo kwa Kiswidi ni mlio kama wa bunduki, maana yake hazikuonana. Ubaya wa pang ni kwamba haikuambii imekwama hatua gani. Jina limekosewa, geti limefungwa, kuki hazifanani, zote ni pang tu.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Muunganisho wa Erlang ukishapatikana ni wa pande zote mbili, haijalishi nani aligonga kwanza. Kwa hiyo kipimo ni lazima kifanywe kutoka kila upande. Mimi usiku ule nilikuwa nimepima upande mmoja. Kutoka seva1 kwenda seva3, pang. Nilipochoka kufikiri nikaingia seva3, nikapima kuelekea seva1. Pong! Papo hapo simu zikaanza kuingia kama mvua, vijana wakakurupuka kwenye viti, na mimi nimeshika kichwa. Simu zimerudi na sijui kwa nini, na bosi huko juu bado anaamini ni waya wa dogo.

DIG NA PROGRAMU HAZIULIZI MAHALI PAMOJA

Hiki ndicho kipande nilichotaka mkichukue hata kama mtaacha vingine vyote.

Kwenye Linux, programu ikitaka kugeuza jina kuwa IP kwa kawaida haiendi DNS moja kwa moja. Inaiomba maktaba ya mfumo, nayo inafuata faili la /etc/nsswitch.conf. Humo utakuta mstari kama huu:

hosts: files dns

Maana yake, angalia kwanza /etc/hosts, usipopata ndo uende DNS. Lakini dig, host na nslookup haziangalii /etc/hosts kabisa. Zenyewe zinakwenda DNS tu. Kwa hiyo dig inaweza kukupa jibu safi, ukaridhika, kumbe programu yako inatumia jibu lingine kabisa. Ukitaka kuuliza kama programu inavyouliza, tumia getent. Mimi nilizipiga zote mbili kwenye seva1:

getent hosts seva3.simu.example
dig +short seva3.simu.example

Getent ikasema 10.20.0.13. Dig ikasema 10.20.0.33.

Basi nikakumbuka kila kitu. Wiki sita nyuma nilikuwa nimeihamishia seva3 anwani mpya, ile ya .33. DNS nikairekebisha. Nilichosahau ni kwamba mwaka uliotangulia, DNS yetu ilipokuwa inasumbua, niliandika majina ya seva zote kwenye /etc/hosts ya seva1 na seva2, nikasema ni ya muda tu. Siku niliyoihamisha seva3 niliizima na kuiwasha, na programu yake niliiandika igonge milango ya wenzake mara moja tu, pale inapoamka. Kwenye seva3 majina ya wenzake yalikuwa sahihi. Ikagonga, ikafunguliwa, na muunganisho ukawa wa pande zote mbili. Anwani ya zamani kule seva1 na seva2 haikuhitajika, ikalala wiki sita bila mtu kuijua.

Dogo alipochomoa waya, nodi zikakosa kusikiana. Erlang ina kipimo kinaitwa net_ticktime, kikiachwa kama kilivyo ni sekunde 60, na nodi iliyonyamaza huhesabiwa imekufa baada ya kati ya sekunde 45 na 75. Dakika mbili za dogo zilitosha. Waya uliporudi, seva3 haikugonga tena kwa sababu haikuwa imezimwa. Seva1 na seva2 ndizo zikaanza kuitafuta, kwa anwani ya zamani.

Na ping je, si ilijibu? Ping nayo inasoma /etc/hosts. Ilikwenda 10.20.0.13, na aliyekuwa ananijibu ni simu ya mezani ya mapokezi, iliyogawiwa anwani hiyo na DHCP baada ya seva3 kuhama. Ilijibu kwa adabu zote. Mstari wa kwanza wa jibu la ping unaonyesha IP inayopigiwa, ningeusoma ningeona. Sikuusoma, niliangalia milisekunde tu.

Nikapanda kwa bosi na karatasi yenye majibu yale mawili, nikamwambia kosa ni langu. Hayakuwa mazungumzo matamu. Ila dogo alibaki, akamaliza wiki zake, na fomu yake ya chuo niliisaini mimi. Malipo ya vijana kwa masaa yale yalibishaniwa wiki mbili, mwisho wakapewa nusu.

NINAVYOPIMA SIKU HIZI

Naanza na kuiuliza kila mashine inajijua kwa jina gani:

hostname -f

Ikikujibu jina fupi wakati programu zinatumia majina marefu, simama hapo hapo. Kwenye /etc/hosts, jina la kwanza baada ya IP ndilo linalochukuliwa kuwa jina rasmi. Ukiandika "10.20.0.11 seva1 seva1.simu.example" mashine itajiita seva1 kavu. Geuza, jina refu litangulie. Kwenye Debian na Ubuntu kuna mtego mwingine: wakati wa kusakinisha, mfumo wenyewe huandika jina la mashine kwenye anwani ya 127.0.1.1. Hiyo ni anwani ya ndani, haitoki nje ya mashine. Programu inayojiuliza "mimi niko anwani gani" kwa kutumia jina lake itajibiwa 127.0.1.1, na baadhi ya programu zitakaa kusikiliza hapo hapo, wengine wote wagonge mpaka wachoke.

Halafu getent, kutoka kila mashine kwenda kila mashine. Mashine tatu ni vipimo sita, usiruke hata kimoja. Fanya hivi kwenye kila moja:

for s in seva1 seva2 seva3; do getent hosts $s.simu.example; done

Bado sijaamini, naiuliza Erlang yenyewe:

inet:getaddr("seva3.simu.example", inet).

Majina yakishakuwa sawa ndo naenda mlangoni. Kwenye mashine yenyewe, epmd -names inaorodhesha nodi zilizojiandikisha na poti zake. Kutoka mashine nyingine, nc -vz seva3.simu.example 4369 inakuonyesha kama geti linafunguka. Hapa watu wengi wanaumia: wamefungua 4369 kwenye faiawoli wakadhani wamemaliza, kumbe poti ya pili, ile anayoitaja epmd, hubadilika kila programu ikiwashwa. Geti liko wazi, chumba kimefungwa. Dawa ni kuifunga kwenye masafa madogo unayoyajua, halafu uyafungue hayo tu:

erl -name sauti@seva3.simu.example -kernel inet_dist_listen_min 9100 inet_dist_listen_max 9105

Kuki nazo. Zinakaa kwenye faili la .erlang.cookie, ndani ya nyumba ya mtumiaji anayeendesha programu, na faili lisomwe na mwenyewe tu, yaani chmod 400. Kosa la kawaida ni kuingia kama root na kupima, wakati programu inaendeshwa na mtumiaji mwingine. Root ana kuki yake, unapata pang, unasumbuka bure. Kuki zikitofautiana, upande unaogongewa, kwenye matoleo ya zamani ya Erlang, huandika kwenye logi "Connection attempt from disallowed node". Ukiona maneno hayo shangilia, maana jina na milango vimeshapita.

Nodi yenye jina fupi haiongei na nodi yenye jina refu, hata kama IP ni sahihi. Logi itakwambia "System running to use fully qualified hostnames" na kulalamika kwamba jina ulilompa si halali. Chagua moja kwa klasta nzima. RabbitMQ ukiiacha kama ilivyo hutumia jina fupi, rabbit@seva1, kwa hiyo jina hilo fupi lazima lijulikane kwenye mashine zote. Poti za kufungua ni 4369, 5672 ya wateja, na 25672 ya nodi zenyewe kuongea.

SIMU ZA NJE ZINAVYOTAFUTA KLASTA

Mpaka hapo ni mambo ya ndani ya nyumba. Upande wa nje, simu za wateja na kampuni zinazokuletea simu zinakutafuta kwa DNS pia, na kuna rekodi maalum inaitwa SRV, iliyopangwa kwenye RFC 2782 ya mwaka 2000. Rekodi ya kawaida ya A inasema jina hili ni IP hii. SRV inasema huduma hii iko kwenye mashine hizi, kwa zamu hii, poti hii:

_sip._udp.simu.example. 300 IN SRV 10 60 5060 mlango1.simu.example.
_sip._udp.simu.example. 300 IN SRV 10 40 5060 mlango2.simu.example.
_sip._udp.simu.example. 300 IN SRV 20 0 5060 mlango3.simu.example.

Namba 300 ni sekunde ambazo jibu linaweza kukumbukwa na wengine. Namba 10 na 20 ni zamu, ndogo ndiyo inayotangulia. Kwa hiyo mlango3 ni wa akiba, hautumiki mpaka wale wawili wa kwanza wakose kufikika. Namba 60 na 40 ni mgawanyo kati ya wenye zamu moja, yaani katika kila simu 100, karibu 60 ziende mlango1. Halafu poti, halafu jina la mashine.

Ile nukta ya mwisho baada ya jina, wadau, ile nukta! Kwenye faili la zoni ukiisahau, DNS inaongeza jina la zoni kwenye mkia na unapata mlango1.simu.example.simu.example, mashine isiyokuwepo duniani. Na jina hilo la mwisho liwe na rekodi yake ya A au AAAA, lisiwe jina la bandia linaloelekeza kwenye jina lingine kwa CNAME. RFC imekataza hivyo waziwazi.

Kuna lingine linalowachanganya hata wakongwe. Utaratibu wa SIP kutumia DNS uko kwenye RFC 3263 ya mwaka 2002, na unasema kwamba anwani ikiandikwa pamoja na poti, SRV inarukwa. Yaani kwenye simu ya mteja ukiandika simu.example, itatafuta SRV na kuona milango yote mitatu. Ukiandika simu.example:5060, itatafuta rekodi ya A peke yake, na ufundi wako wote wa SRV umekwenda na maji. Nimeona mtu anasema klasta yake haihamishi simu mlango mmoja ukifa, kumbe ni hiyo :5060 aliyoinakili kutoka kwenye maelekezo ya zamani. Kwa Asterisk za zamani zenye chan_sip, SRV ilikuwa inasomwa mashine ya kwanza tu hata ukiandika kumi. Chan_sip iliondolewa kabisa kwenye Asterisk 21 ya mwaka 2023, ila mitaani bado kuna mashine nyingi za toleo la nyuma, kwa hiyo ujue.

Ukishabadilisha rekodi, usikimbilie kupima kwa seva ya DNS ya kafe au ya nyumbani. Iulize kwanza seva mama ya zoni yako kwa dig @, ndipo uulize nyingine na ulinganishe. Seva mama ikiwa sahihi na msaidizi wake ana ya zamani, angalia namba ya toleo kwenye rekodi ya SOA. Usipoiongeza, msaidizi anadhani hakuna kipya. Na usipime jina kabla hujaliandika. Hata jibu la "jina hili halipo" linakumbukwa, RFC 2308 ya mwaka 1998 imelipanga hilo, kwa muda unaotokana na namba ya mwisho ya SOA. Ikiwa ni saa moja, utaandika rekodi yako vizuri na seva uliyoiuliza itaendelea kukukatalia hiyo saa moja nzima.

DNS IKICHELEWA, SIMU INAKUFA

Ukurasa wa wavuti ukichelewa sekunde tano unalalamika tu. Simu ni jambo lingine. Linux ikiachwa kama ilivyo inasubiri kila seva ya DNS sekunde 5 kabla ya kwenda nyingine, na inarudia mzunguko mara mbili. Seva ya kwanza kwenye /etc/resolv.conf ikifa, kila jina jipya linakula sekunde 5 kwanza. Wakati huo SIP kwenye UDP haisubiri. Mpigaji asipojibiwa anatuma ombi tena baada ya nusu sekunde, kisha baada ya sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na anakata tamaa kwenye sekunde ya 32. Piga hesabu: ndani ya zile sekunde 5 za DNS, kama seva yako bado haijatoa hata jibu la "nimekusikia", ombi moja limeshafika mara nne. Kamailio ina idadi maalum ya michakato ya kupokea pakiti, na kila mmoja ukikaa kusubiri jina, haupokei kitu kingine. Simu 20 zinageuka pakiti 80 na seva inaonekana imeshambuliwa, kumbe DNS moja imezimika. Asterisk ya zamani nayo iliganda kabisa DNS ikikosekana, hata simu za ndani ya ofisi zisitoke.

Mimi naweka kiseva cha DNS kwenye kila mashine, Unbound au dnsmasq, kikumbuke majibu, na kwenye /etc/resolv.conf naongeza:

options timeout:1 attempts:2

Kwenye Ubuntu za siku hizi utakuta humo 127.0.0.53, ni systemd-resolved, na ukihariri faili kwa mkono litaandikwa upya. Tazama ukweli kwa resolvectl status. Na kama mfumo wako ni wa kabla ya glibc 2.26 ya mwaka 2017, programu iliyokwishawashwa haisomi mabadiliko ya faili hilo mpaka uizime na kuiwasha.

Wanaotumia Kubernetes wana mtego wao: ndots:5. Jina lenye nukta chini ya tano hujaribiwa kwanza na mikia ya ndani ya klasta, kwa hiyo kila jina la nje linazaa maswali kadhaa ya bure kabla ya lile la kweli. Weka nukta mwishoni mwa jina, mikia inarukwa.

Mwisho, poti 4369 na zile za 9100 usizifungulie intaneti hata siku moja. Mwenye kuki yako anaweza kuendesha amri yoyote ndani ya nodi, na kwenye seva za simu hiyo maana yake ni mtu kupiga simu za nje usiku kucha kwa bili yako. Ziache kwenye mtandao wa ndani au VPN. Na ile /etc/hosts ya seva1 na seva2 niliifuta mistari yote ya muda usiku uleule, halafu nikaandika upya programu ya seva3 igonge milango kila sekunde 30, si mara moja tu. Mistari sita ya Erlang. Dogo ndiye aliyeipima, kwa kuchomoa waya.

Ni hayo kwa leo.